Dame ni nani? Si demu

Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam akisema "demu wangu", na wapo wanaoliandika dame, hahitaji kufafanua. Ndiyo maana mtu huguna akikuta gazetini "Dame Judi Dench", halafu picha ni ya bibi mwenye mvi, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1934.

Dame huyu hutamkwa "deim". Ni cheo cha heshima anachopewa mwanamke na mfalme au malkia wa Uingereza, kama mwanamume anavyopewa Sir. Waigizaji kwa kawaida hukipata kupitia nishani ya Order of the British Empire, iliyoanzishwa mwaka 1917. Nishani hiyo ina ngazi tano, na ni mbili za juu tu zinazobeba cheo. Dench alipata ngazi iitwayo OBE, ya pili kutoka chini, mwaka 1970. Akaendelea kuwa Judi Dench tu mpaka 1988 alipopandishwa hadi ngazi yenye cheo.

Cheo hufuatwa na jina la mtu mwenyewe, si la ukoo: unasema Dame Judi, husemi Dame Dench. Mke wa Sir huitwa Lady, lakini mume wa Dame haambulii kitu. Mwanamume hupiga goti akaguswa mabega kwa upanga; mwanamke hagusiwi upanga, huvishwa nishani yake basi. Na raia wa nchi ambazo mfalme huyo si mkuu wao hupewa ya heshima tu, bila cheo. Mwigizaji Mmarekani Angelina Jolie alitunukiwa mwaka 2014, lakini haitwi Dame.

Anayenifundisha zaidi maana ya cheo hiki ni mwigizaji wa zamani Ellen Terry. Alizaliwa Coventry mwaka 1847, wazazi wake wote waigizaji, na akapanda jukwaani London akiwa na miaka tisa. Hajatimiza 17 akaozwa kwa mchoraji G. F. Watts, mtu wa miaka 46. Ndoa haikumaliza mwaka. Baadaye aliishi na msanifu majengo Edward Godwin, wakapata watoto wawili bila ndoa, jambo zito katika Uingereza ya Malkia Victoria. Kuanzia 1878 alikuwa mwigizaji mkuu wa kike katika ukumbi wa Lyceum, London, akicheza pamoja na Henry Irving kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1888 alicheza Lady Macbeth, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, akiwa na gauni la kijani lililoshonewa mabawa ya mbawakawa, yakimetameta kwenye taa. Gauni hilo lipo hadi leo nyumbani kwake Smallhythe, Kent. Uzeeni alicheza hata filamu zile zisizo na sauti.

Irving alifanywa Sir mwaka 1895, mwigizaji wa kwanza kupata heshima hiyo. Terry, waliyekuwa wakipigiwa makofi pamoja usiku baada ya usiku, alipewa cheo mwaka 1925. Miaka 30! Irving alikuwa kaburini tangu 1905, na Terry alibakiwa na miaka mitatu tu ya kuishi. Ni kweli kwamba mwaka 1895 nishani hii haikuwepo, lakini tangu 1917 ilikuwepo, na bado alingojeshwa.

Wengine hawakitaki. Mtu huulizwa kwanza kimyakimya kama atakubali, ndipo jina litangazwe. Mwigizaji Vanessa Redgrave alikataa mwaka 1999. Jina lake lilipotokea katika orodha ya mwaka mpya wa 2022, safari hiyo alikuwa amekubali.

Kuna dame mwingine wa kuchanganya watu. Katika michezo ya vichekesho ya msimu wa Krismasi, Waingereza humwita dame yule mama mtu mzima mwenye makeke, ambaye kwa desturi huchezwa na mwanamume aliyevaa gauni na wigi. Mwaka 2004 mwigizaji Ian McKellen alicheza dame wa namna hiyo kwenye ukumbi wa Old Vic, naye wakati huo ni Sir tangu 1991.