"Viza imefutwa, njoo tu": maneno ya gatini na ukweli wake

Mimi napangisha vyumba Langoni, Lamu. Maswali ya viza huniingilia kwenye simu saa tano za usiku, mgeni keshafunga begi, na jibu keshalipata kwa kijana wa boti au kwa rafiki aliyekuja huku 2019. Akinipigia, anataka tu nimkubalie. Haya ndiyo ninayoletewa sana.

"Kenya imefuta viza, ni kupanda ndege tu."

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu. Viza iliondolewa Januari 2024, ikaja eTA: idhini ya kusafiri inayoombwa kwa intaneti, nayo huombwa kabla ya safari. Uwanja wa ndege haiuzwi. Ada yake ya kawaida ni kama dola 30, na majibu huchukua siku tatu za kazi. Asiye nayo wala hafiki Nairobi akarudishwa. Anakwama kwao, mbele ya kaunta ya ndege, mabegi yake miguuni.

Agosti ya mwaka mmoja familia ilinipigia kutoka Milano. Baba anayo, mama anayo, mtoto wa miezi minane hana. Walikumbuka enzi za viza, ambapo watoto wa chini ya miaka 16 hawakulipiwa. Kwa eTA hata anayenyonya ana yake. Chumba changu cha juu, kile kinachopigwa na kusi, kililala kitupu siku tatu.

Wengine hulipa mara tatu. Ukitafuta eTA kwenye simu, huenda wa kwanza kujitokeza wakawa madalali, tovuti zao zimepambwa bendera na simba. Ya serikali huishia na .go.ke. Tazama mkia kabla hujatoa kadi ya benki.

"Nimepewa siku 90."

Zipi? Maana tisini ziko mbili. Za kwanza zinahesabiwa tangu idhini ilipotoka, na ndani yake ndimo unapotakiwa uwe umeingia nchini. Za pili ndizo za kukaa, na hizo ni upeo tu. Anayekata neno ni afisa wa Uhamiaji pale anapogonga muhuri. Nimewahi kushika pasipoti ya mgeni barazani, nikaisogeza kwenye taa: muhuri, tarehe, na kwa kalamu ya wino, 30. Yeye alikuwa amejipangia miezi miwili, angoje Maulidi. Hakuwa ameutazama tangu alipotoka uwanjani. Siku huongezwa, ndiyo, ila ziombewe kabla hazijaisha, na zote pamoja zisizidi miezi sita.

"Ana nyumba Malindi, huyo ni mwenyeji."

Hili nalisikia kila nikienda Malindi, na naelewa linakotoka. Kuna Wataliano wazee pale wanaobishana bei ya samaki changu kwa Kiswahili, na muuza samaki anawajibu kwa Kitaliano. Ukimwona mtu hivyo, utamwitaje mgeni? Lakini nyumba ni nyumba na ukaaji ni ukaaji. Kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 65, asiye raia hamiliki ardhi ila kwa kukodi, isiyozidi miaka 99, na mkataba huo haumpi hata siku moja ya kuishi nchini. Anayetaka kustaafia huku bila kufanya kazi huomba kibali cha daraja K: awe na miaka 35 au zaidi, na athibitishe kipato chake.

Ndoa nayo imezushiwa mengi. Mtu anaoa leo, kesho anauliza kitambulisho kinatoka lini. Kifungu cha 15 kinataka ndoa iwe imefika miaka saba, na hapo ndipo anaruhusiwa *kuomba* uraia. Kabla ya hapo anaishi kwa pasi au kibali kama wengine. Mahari haimlipii mtu ada ya Uhamiaji.

"Anajitolea tu, halipwi."

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 haiangalii mshahara, inaangalia kazi. Awe anafundisha yoga juu ya paa kule Shela au Kiingereza shuleni, anahitaji kibali au pasi maalumu. Akikamatwa, faini hufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Na wewe uliyempa hiyo kazi huponi kwa kusema hukumlipa.

"Viza ya Afrika Mashariki inafika hadi Unguja."

Haifiki. Ni dola 100 kwa siku 90, na nchi zake ni Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo.

"Kadi ya homa ya manjano huisha baada ya miaka kumi."

Ilikuwa hivyo. Tangu Julai 2016 ni ya maisha, hata ile ya zamani.

"Sisi ni ndugu, kitambulisho kinatosha."

Hapa wanaokosea ni sisi wenyewe. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, isipokuwa wa Somalia, haombi eTA, na anaweza kukaa miezi sita. Tangu 2025 hata Waafrika wengine wengi hawaombi, isipokuwa wa Libya. Lakini kuvuka kwa kitambulisho ni makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia shangazi yangu wa Tanga, "Njoo na kitambulisho tu, shangazi, nani atakuuliza?" Alifika Horohoro na kikapu cha maembe, akaulizwa. Ikabidi arudi Tanga kutafuta hati, akaja tena siku nne baadaye. Aliposhuka gatini Lamu hakunipa mkono, alinipa kikapu kwanza, maembe yote yamelainika, akasema, "Haya, mjuzi wa viza, kula."