Mchoro wa Binzari Haufiki Krismasi

"Rangi za asili hazipauki. Si umeona michoro ya kale kwenye miamba ya Kondoa?"

Safari hii kaniambia mteja, tena kasimama mbele ya mchoro wangu wa rangi za udongo, na kwenye simu ananionyesha machweo aliyochora mpwa wake kwa binzari na rozela. Anataka kuyatundika sebuleni, ukuta unaotazama dirisha. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, basi naandika mara moja.

Nasoma uchoraji, mwaka wa tatu, hapa Dar. Akriliki za dukani nimeziacha kwa sababu ya bei na udadisi, natengeneza rangi mwenyewe. Kwa hiyo sipingi asili. Ninachopinga ni kutia jiwe na juisi kwenye kapu moja, eti kwa kuwa vyote havikutoka kiwandani.

Tuanze na Kondoa, maana ndiyo hoja ya kila mtu. Ule wekundu wa kwenye miamba ni oksidi ya chuma. Ni kutu. Chuma kilichokwisha kushika kutu, jua litakifanya nini zaidi? Ni vipande vidogo vya madini visivyoyeyuka kwenye maji, vimekaa juu ya mwamba, vingi chini ya vibanda vya mawe vinavyokinga mvua. Mkaa nao ni hivyohivyo, mwanga hauna la kuufanya. Juisi ya mmea ni jambo jingine kabisa: rangi yake inatokana na molekuli ambazo mwanga unazivunja, na zikivunjika rangi imekwenda. Halafu kuna hili ambalo halisemwi: huenda wazee walichora pia kwa juisi ya kila mti uliokuwa karibu. Kama walichora, haikubaki kitu cha sisi kupiga picha. Tunahesabu zilizobaki tu, kisha tunasema za kale zilidumu.

Na binzari jamani, hii hata haihitaji chuo. Kila aliyewahi kumwagia kanzu nyeupe mchuzi anajua. Unapaka sabuni, doa linageuka jekundu mpaka unashtuka. Unasuuza, linarudi njano. Unaianika juani, jioni doa limefifia au halipo kabisa. Mama zetu wanaliondoa doa kwa jua, kisha mtoto wa mama huyohuyo anachukua kitu hichohicho, anachorea, anatundika dirishani na kushangaa. Wekundu ule wa sabuni ni sababu ya magadi: ukiitia binzari kwenye kitu chenye magadi au chokaa inabadilika. Sasa fikiria unaipaka juu ya ukuta wa chokaa.

Rozela ina vituko zaidi. Kwenye bilauri ni nyekundu ya kuvutia. Ipake kwenye karatasi nzuri ya rangi za maji, ile inayotiwa chokaa kidogo isigeuke njano, uone: kabla haijakauka inaelekea zambarau iliyochafuka. Kisha jua linaimalizia, inakuwa kahawia ya majivu. Ukitaka ushahidi, paka utepe wa karatasi, funika nusu kwa foili, bandika dirishani linalopigwa na jua, usiuguse. Ukifunua baadaye utaona mstari umekatika kama uliochorwa kwa rula. Huo mstari nimewaonyesha watu wengi kuliko michoro yangu.

Hapo ndipo ninapoletewa "dawa": tia chumvi, tia siki. Siki inabadilisha uchachu, na rozela itarudi nyekundu kwa muda, sawa. Chumvi sijui mnaitegemea ifanye nini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayozuia mwanga. Shabu ndiyo kidogo ina maana, kwa sababu inaishikisha rangi ya mmea kwenye nyuzi za kitambaa isitoke ukifua. Lakini kutotoka kwenye maji na kutopauka juani ni mitihani miwili, na watu wanafaulu mmoja wakajipa cheti cha yote. Unaweza pia kuyatia maji ya binzari shabu, kisha magadi taratibu, ukapata mashapo ya njano ya kuchuja na kusaga kama unga. Nimefanya. Yanapakika vizuri kuliko juisi, na kwa macho yangu yanastahimili mwanga kidogo zaidi. Ila nisingemuuzia mtu.

Ukitaka njano inayokaa, tafuta udongo wa njano. Utwange, uutie kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri mchanga uzame, mimina maji yenye tope kwenye ndoo nyingine. Rudia. Acha litulie, mwaga maji ya juu, anika, saga tena. Udongo huohuo ukiukaanga kwenye chungu juu ya jiko la mkaa unatoa maji yaliyofungwa ndani ya madini yake na kuwa mwekundu, kuanzia ukingoni kwenda katikati, mbele ya macho yako. Zima mapema upate rangi ya chungwa. Gundi yake ni kiini cha yai (kitoe kwenye ngozi yake, siyo kukivuruga chote) au gundi ya mgunga kwa rangi za maji, pamoja na tone la mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Vitabu vinatoa vipimo kwa uhakika mkubwa. Mimi kila udongo unanidai kipimo chake, na bado kuna siku inapasuka ikikauka bila kunieleza kisa.

Mafuta sasa, kwa wanaotaka kuyafanya gundi ya rangi. Mafuta ya nazi HAYAKAUKI. Si suala la kungoja. Linsidi, mafuta ya mbegu za kitani, hukauka kwa sababu hunywa oksijeni ya hewa na kugandamana. Ya nazi hayana uwezo huo, utapaka leo na mwakani yatakushika kidole, pamoja na vumbi lote la Kariakoo. Alizeti iko katikati, na hapa ndipo nina shaka na mwenyewe. Kwa koti jembamba sana juu ya ubao wa hadubodi imenikaukia mpaka nikaweza kuishika, lakini sijaridhika kwamba haitageuka njano au kulegea joto likizidi. Linsidi ni ghali, alizeti ipo kila duka, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Kwa sasa kazi za alizeti nazibakiza kwangu.

Yule mteja nilimshauri aipige picha nzuri machweo ya mpwa wake, achape nakala ya kutundika, na ile yenyewe aiweke ndani ya bahasha kabatini. Akaniuliza kama nakala ile haitapauka. Inategemea na wino wa mchapaji, nikamwambia, na hapo tukaanza upya.