Je, wajua kwa nini pauni 100 za sambusa hubaki pauni 36?

Tuseme yuko mama mmoja Leicester, Uingereza. Mchana anafanya kazi ya kea, kuwahudumia wazee, kwa mshahara wa pauni 1,400 kwa mwezi kabla ya makato. Ana mtoto mmoja, amepanga nyumba, na pengo la matumizi yake huzibwa na Universal Credit, msaada wa serikali unaotolewa kwa kupima kipato cha mtu. Usiku anakunja sambusa za maulidi na harusi. Mwezi huu, akishatoa gharama za nyama, unga na mafuta, zimempa faida ya pauni 100. Zake mwenyewe ni ngapi?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikijibu swali hili kimakosa, tena kwa kujiamini. Nilijua kwamba tangu Aprili 2017 HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, husamehe mauzo ya biashara ndogo yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka. Msamaha huo ni wa kweli. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba fedha isiyotozwa kodi haihesabiwi popote, kwa hiyo mwenye kuuza sambusa za pauni 900 kwa mwaka hana la kumweleza mtu. Niliwaambia hivyo watu walioniuliza, na wengine walinisikiliza.

Universal Credit haina msamaha huo. Inasimamiwa na Idara ya Kazi na Pensheni, ambayo si HMRC na haifuati vipimo vya HMRC. Kila mwezi inamuuliza aliyejiajiri mambo mawili: fedha gani zimekuingia, na umetumia kiasi gani kuzipata. Hata kama ni pauni 15, zinaandikwa. Asiyeandika hulipwa zaidi ya stahili yake, na ziada hiyo hugeuka deni linalokatwa kidogo kidogo kwenye malipo ya miezi ya baadaye.

Kosa hili lina tawi jingine ambalo sikuliona mpaka baadaye sana, nalo ni risiti. Kwa HMRC unachagua mojawapo: utoe gharama zako halisi, au uchukue ule msamaha wa pauni 1,000 na usitoe gharama yoyote. Anayechagua msamaha huona hana haja ya risiti, akazitupa. Lakini Universal Credit inatambua gharama halisi peke yake. Pauni 40 za mafuta na unga zisipoandikwa huhesabiwa kama faida, na kwa kiwango cha sasa humpunguzia mama huyu pauni 22 za msaada. Kwa hiyo risiti ambayo mtu wa kodi haitaki, mtu wa msaada anaihitaji, na anaihitaji mwezi huohuo. Gari nalo lina hesabu yake: peni 45 kwa kila maili ya biashara, mpaka maili 833 kwa mwezi, kisha peni 25.

Kabla ya makato yenyewe, historia kidogo. Katika misaada ya zamani, kama Income Support, mzazi anayelea peke yake aliachiwa pauni 20 za kwanza za kipato cha wiki, na baada ya hapo kila pauni aliyoipata iliondoa pauni nzima ya msaada. Ndiyo asili ya maneno tunayoyasikia mpaka leo, kwamba ukiongeza kazi unaongeza jasho tu. Universal Credit ilitungiwa sheria mwaka 2012 na kuanza mwaka uliofuata ili kuiondoa hali hiyo. Tangu mwishoni mwa 2021, kila pauni ya kipato inapunguza msaada kwa peni 55. Wenye watoto, na wale ambao afya yao inawazuia kufanya kazi kikamilifu, huachiwa kwanza sehemu ya kipato isiyoguswa. Katika mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025 sehemu hiyo ilikuwa pauni 411 kwa mwezi kwa anayesaidiwa kodi ya nyumba. Mama wa Leicester amekwisha kuimaliza kwa mshahara wa kea, kwa hiyo sambusa zake zinaguswa tangu pauni ya kwanza.

Hapa ndipo wengi hujumlisha. Kodi ya mapato ni asilimia 20, kupungua kwa msaada ni asilimia 55, jumla 75, basi abaki na pauni 25. Hesabu hiyo si sahihi, na njia nzuri ya kuona kwa nini si sahihi iko jikoni.

Chukua nazi iliyokunwa yenye tui la vikombe 10. Mkamuaji wa kwanza ni kodi. Anakamua sehemu yake ya asilimia 20, vikombe 2, kisha anayaacha machicha yakiwa bado na vikombe 8 ndani. Mkamuaji wa pili ni Universal Credit. Huyu hapewi nazi mpya, anapewa machicha yaleyale. Asilimia 55 anaitoa kwenye vikombe 8, anapata 4.4. Vinavyobaki kwa mwenye nazi ni 3.6. Anayejumlisha 20 na 55 amewapa wakamuaji wawili nazi nzima kila mmoja, na nazi ni moja. Rudisha hesabu kwenye pauni 100: kodi 20, msaada unapungua kwa 44, mama anabaki na 36. Na kama mauzo yake ya mwaka mzima hayazidi pauni 1,000, mkamuaji wa kwanza haji kabisa. Wa pili anachukua 55, mama anabaki na 45.

Na mchango wa bima ya taifa (National Insurance), makato mengine ya serikali kwenye kipato? Mshahara wa kea hukatwa asilimia 8, na faida ya aliyejiajiri asilimia 6, lakini faida ya biashara ina mstari wake wa pauni 12,570 kwa mwaka, unaohesabiwa mbali na mshahara. Biashara ya sambusa haiufikii mstari huo hata kidogo. Kutokana na hilo, pauni 100 za saa za ziada kazini zingekatwa kodi na bima kwanza, zikabaki 72, na mwishowe mama angeondoka na pauni 32.40. Pauni 100 za sambusa zinamwachia 36. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu, maana sikutegemea kwamba karai la mafuta lingeishinda zamu ya usiku.

Ila wakamuaji hawa hawaji kwa zamu niliyoieleza, na kalenda zao ndizo zinazowachanganya watu kuliko asilimia. Universal Credit inahesabu mwezi kwa mwezi. HMRC inahesabu mwaka, tarehe 6 Aprili mpaka 5 Aprili. Sambusa zilizouzwa Juni 2025 zinaingia kwenye mwaka wa kodi unaofungwa Aprili 2026, na kodi yake hulipwa mwisho wa Januari 2027, miezi 19 baadaye. Universal Credit haiondoi kwenye faida yako kodi ambayo bado hujailipa. Kwa hiyo mwezi ule wa Juni mkamuaji wa pili ndiye anayefika wa kwanza, anaikuta nazi nzima, na anachukua pauni 55. Mama anashika 45 na kudhani hesabu imekwisha. Januari 2027 HMRC inadai 20, anabaki na 25, na hapo ndipo watu huapa kwamba wamekatwa asilimia 75.

Lakini kodi uliyoilipa ni kitu cha kuandikwa kwenye taarifa ya Universal Credit ya mwezi ulioilipa. Pauni 20 zikiandikwa, faida ya mwezi huo inashuka kwa 20 na msaada unapanda kwa 11. Ishirini na tano na kumi na moja ni 36, palepale tulipokuwa. Asiyeiandika anabaki na 25 yake. Aliyekwisha kutoka kwenye Universal Credit kabla ya Januari hana mahali pa kuiandika, na hizo 11 hazimrudii.

Mwenye mshahara ana njia nyingine. Akituma fomu yake ya kodi kwa mtandao kabla ya tarehe 30 Desemba kupita, na deni likiwa chini ya pauni 3,000, anaweza kuomba likatwe kidogo kidogo kwenye mshahara wa mwaka wa kodi unaofuata. Universal Credit huangalia mshahara baada ya makato, kwa hiyo marekebisho huja yenyewe.

Hesabu hizi zote ni za England, na za mwenye haki ya msaada huu. Scotland ina viwango vyake vya kodi ya mapato. Wengi wetu tuko kwenye viza zisizoruhusu kuchukua misaada ya umma, na mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri kabisa, hata kwa sambusa kumi. Halmashauri za England nazo, tangu 2013, zinajitungia taratibu zao za kupunguza kodi ya halmashauri kwa watu walio chini ya umri wa pensheni, na pale punguzo hilo linaposhuka kipato kikipanda, yuko mkamuaji wa tatu.

Na uko mlango mmoja ambapo ule uvumi wa zamani, kwamba bora usiipokee hiyo pauni, ni kweli tupu. Carer's Allowance ni posho ya wiki ya anayemuuguza mtu nyumbani kwa saa 35 au zaidi, na katika mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 83.30. Haipungui polepole. Kipato chako cha wiki, baada ya kodi na makato yanayoruhusiwa, kisipozidi mstari uliowekwa (pauni 196 katika mwaka huo), unapata posho yote. Kikizidi hapo, hata kwa pauni moja, hupati chochote. Anayemuuguza mama mkwe na kuuza sambusa za Ramadhani anatakiwa kuuangalia mstari huo wiki kwa wiki.

Mama wa Leicester akiamua kuacha kea na kuishi kwa sambusa peke yake, anaingia kwenye kanuni nyingine. Ana miezi 12 ya kuijenga biashara. Ikipita, Universal Credit huweza kumhesabia kana kwamba anapata mshahara wa kima cha chini hata mwezi ambao karai halikutelekwa. Kwa asiye na mtoto mdogo, katika mwaka ulioanza Aprili 2025 hiyo ilikuwa saa 35 kwa pauni 12.21, yaani pauni 427.35 kwa wiki kabla ya kuondoa kodi inayokadiriwa. Kwa mwenye mtoto mdogo saa zinazohesabiwa hupunguzwa kulingana na umri wa mtoto.