Kikoa cha nchi: nani hasa mwenye .tz?

Jina la tovuti huandikwa kuanzia kushoto, lakini intaneti hulitafuta kuanzia kulia. Chukua udsm.ac.tz, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Herufi mbili za mwisho, tz, ndizo kikoa cha nchi. Sehemu ya ac ni fungu la vyuo, na udsm ndilo jina lenyewe. Ni kama kumtafuta mtu katika mtaa usioujua: ukifika kwenye kata unaelekezwa mtaa, mtaani unapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, naye ndiye anayekuonyesha mlango. Hakuna hata mmoja kati yao anayezijua nyumba zote. Kila mmoja anajua tu nani aulizwe baada yake.

Kwenye intaneti, wa kwanza kuulizwa ni seva za mzizi, yaani kompyuta zinazoshika orodha ya juu kabisa. Hizo hazijui udsm iko wapi. Zinachojua ni seva zipi zinashika majina yanayoishia na .tz, basi. Orodha ya mzizi inatunzwa na IANA, kazi inayosimamiwa na ICANN, shirika lisilo la faida lenye makao Marekani. Kusikia hivyo, wengi huuliza: kumbe Wamarekani ndio wanaoamua ipi ni nchi na ipi si nchi? Hapana. Herufi mbilimbili zinatoka kwenye orodha ya kimataifa ya ISO 3166, na ilichaguliwa makusudi ili IANA ijiepushe na ugomvi huo. Jon Postel, aliyeshika kazi hiyo enzi hizo, aliliweka wazi mwaka 1994 katika waraka uitwao RFC 1591. (Uingereza ni kichekesho: kwenye ISO ni GB, lakini inatumia .uk tangu 1985.)

Waraka huo una jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Anayekabidhiwa kikoa cha nchi si mmiliki, ni mdhamini, kwa niaba ya watu wa nchi ile na ya watumiaji wa intaneti duniani. Kwa hiyo swali la nani mwenye .tz halina jibu la hati miliki. Kuna aliyepewa dhamana tu.

Na dhamana hubadilika. Zaire ilikuwa na .zr. Mwaka 1997 nchi ikarudia jina la Kongo, orodha ya ISO ikabadilika, ikazaliwa .cd, na kufikia 2001 .zr ikaondolewa kabisa kwenye mzizi. Aliyekuwa na jina chini ya .zr alilazimika kuhama, hata kama alikuwa amelipa kila senti.

Kwetu Afrika Mashariki, .ke ilikabidhiwa 1993 na .tz 1995, wakati intaneti ilikuwa ya wachache wa vyuoni na wataalamu wa kujitolea. Biashara zilipoongezeka, kazi ilihitaji chombo. Kenya ikaunda KENIC mwaka 2002. Tanzania mwaka 2006 ikapata tzNIC, iliyoanzishwa kwa ubia wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na TISPA, chama cha watoa huduma za intaneti. Naona ubia ule ulikuwa na busara: serikali ndani, wenye mitambo ndani.

Chombo cha aina hiyo huitwa masjala. Kinatunza daftari la majina yote na kuziendesha seva zake, na kwa kawaida hakikuuzii jina moja kwa moja. Unakwenda kwa msajili aliyeidhinishwa, mara nyingi kampuni ileile inayohifadhi tovuti. Unatafuta kama jina lipo wazi, na anayewahi ndiye anayepata. Unachagua fungu: co.tz kwa biashara, or.tz kwa taasisi zisizo za kibiashara, sc.tz kwa shule. Usihangaike na go.tz, hilo ni la serikali. Kisha unatoa taarifa zako, unataja seva zitakazolijibia jina lako, na unalipa ada ya mwaka. Ni pango. Usipolipa, jina huzimwa, na baadaye hurudi sokoni kwa yeyote.

Penye matatizo hasa ni kwenye zile taarifa. Mwenye duka anampa fundi wa tovuti hela, fundi anasajili kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake, kwa haraka tu, bila nia mbaya. Miaka mitatu baadaye wamekosana, au fundi kahamia mji mwingine, na masjala inamtambua yeye kuwa mwenye jina. Kabla ya kulipia tena mwaka huu, tafuta jina lako kwenye huduma ya WHOIS, inayoonyesha taarifa za usajili wa jina, au mwombe msajili akuambie nani ameandikwa na ni barua pepe gani inayopokea taarifa za kuisha muda. Kama si wewe, omba zibadilishwe wakati fundi bado anapokea simu zako.