Dungusi si maziwa: kuhusu kulisha wanakondoo mimea ya ukame

Kila kiangazi kinapokaza Longido na Monduli, ofisi yetu huletewa lalamiko lilelile: wanakondoo wanaharisha baada ya kulishwa dungusi (aina ya kaktasi), na mfugaji anataka tumsake aliyemuuzia mmea wa sumu. Dungusi haina sumu. Cha kujiuliza ni kondoo wa umri gani amepewa, na amechanganyiwa na nini.

Habari ya dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, siirudii, kila mfugaji anaijua. Kinachosahaulika ni kwamba mwanakondoo huzaliwa akiwa bado hawezi kucheua. Maziwa hulipita tumbo kuu na kwenda moja kwa moja tumbo la nne. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu huanza kudonoa majani, na tumbo kuu hukomaa taratibu hadi kati ya wiki ya sita na ya nane. Kabla ya hapo, dungusi haiwezi kushika nafasi ya maziwa, hata kama video iliyosambaa kwenye simu inasema vingine. Ukiwa na dungusi chache, mpe mama yake. Akinywa na kushiba yeye, maziwa hayakatiki.

Karibu asilimia 90 ya dungusi ni maji. Kilo 10 mbichi hukuachia takriban kilo moja tu ya chakula kikavu, tena chenye protini kidogo na nyuzi kidogo. Ndiyo maana mnyama anayelishwa dungusi peke yake huharisha. Si ugonjwa wala si hila ya muuzaji. Katakata vipande vidogo, kwanza uchome miiba kwa moto, kisha changanya na hei au mabua ya maharage. Protini itoke kwenye majani makavu ya ngwara, maganda ya mgunga yaliyopondwa, au majani ya mti wa lusina. Lusina isizidi theluthi moja ya mlo, kwa kuwa ina mimosini, sumu inayoweza kunyonyoa manyoya na kudumaza. Anza na kiganja kimoja cha mchanganyiko huo kwa siku, uongeze polepole.

Wapo wanaonyunyizia urea "kidogo tu". Kwa mwanakondoo, hapana. Vilevile chumvi ya madini ya ng'ombe: kondoo hawavumilii shaba nyingi, na madhara huonekana wakati ini limeshaharibika.

Sasa suala la vipandikizi, yaani majani ya kupanda, ambalo watu hulichukulia kama mzaha. Kuvusha majani ya dungusi kutoka Kenya kupitia mpaka wa Namanga, Holili au Tarakea ndani ya gunia la vitunguu ni kosa. Utaratibu ni huu: kwanza unaomba kibali cha kuingiza mimea kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), ambayo makao yake yapo hapahapa Ngaramtoni, Arusha. Kibali kipatikane kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Pili, mzigo uambatane na cheti cha afya ya mimea cha nchi husika. Kwa Kenya hutolewa na KEPHIS, shirika lao la ukaguzi wa afya ya mimea. Tatu, mkaguzi auone mpakani. Usipotimiza haya, mzigo unaweza kuzuiwa, kurudishwa au kuteketezwa kwa gharama yako, na wewe ukafikishwa mahakamani. "Sikujua" haitakusaidia.

Tusidhaniwe tuna roho mbaya. Kule Laikipia, Kenya, dungusi ya aina ya Opuntia stricta imevamia malisho, na vijimiiba vya matunda yake huwajeruhi mifugo midomoni na machoni. Ili kuidhibiti wakaleta mdudu wa kochinili anayefyonza dungusi. Jani moja la magendo laweza kutuletea gugu, mdudu, au vyote viwili. Dungusi ya malisho tunayoizungumzia hapa ni Opuntia ficus-indica, isiyo na miiba mingi. Ukishindwa kuitofautisha, usiipande. Mpelekee afisa mifugo wa kata jani moja alione.

Wazee wa Kimasai nao walikuwa na alalili, eneo la nyasi linalotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Vijiji vinavyoendelea kuliheshimu havitulalamikii sana. Pale ambapo alalili limegeuzwa shamba, tunaombwa dungusi.

Jani lililokatwa liache kivulini wiki moja hadi mbili, kidonda kikauke, ndipo ulipande, bichi huoza. Usivune mwaka wa kwanza.