Shuka la viraka halikwami kwa kukosa hamu

Wengi hapa Mtwara huamini shuka la viraka hulala kabatini kwa sababu mshonaji kaishiwa hamu, au hajapata siku nzima ya kukaa. Mara nyingi kinachokwamisha ni maandalizi. Mabaki ya vitenge yakiwa mfukoni, hayajafuliwa wala kukatwa, dakika 20 za jioni huishia kwenye kuchambua tu. Fua kwanza, maana kitambaa cha pamba hurudi, yaani hupungua ukubwa, na kanga mpya hutoa rangi. Piga pasi, kisha kata viraka vyote sentimita 12 kwa 12. Mshono wa sentimita 1 kila upande utakuachia 10. Kila jioni acha kazi katikati ya mstari, sindano ikiwa na uzi tayari, ili kesho uendelee bila kujiandaa upya. Msimu wa korosho ukibana, viraka viwili kwa siku vinatosha kabisa. Ila pini usiziache kitambaani: hewa ya bahari huzitia kutu, na doa lake ni gumu kutoka.