Hewa Chafu ya Majira ya Baridi Salt Lake City: Maswali na Majibu

Kwa nini hewa ya Salt Lake City huchafuka zaidi wakati wa baridi?

Mji huo wa jimbo la Utah, Marekani, umo bondeni, kati ya milima ya Wasatch upande wa mashariki na ya Oquirrh upande wa magharibi. Kwa kawaida hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda juu. Lakini katika usiku mrefu wa baridi, hasa theluji ikiwa imetanda, hewa baridi hutuama chini na hewa yenye joto huifunika kama kifuniko cha sufuria, hata moshi wa magari na wa kuni ukakosa pa kutokea mpaka dhoruba ipite, pengine baada ya siku kadhaa.

Ni masizi tu yanayodhuru?

La. Chembe zinazohofiwa zaidi, PM2.5, zina kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, na huko sehemu kubwa huundwa angani, pale gesi za oksidi za nitrojeni kutoka kwenye injini zinapobadilika na kuungana na amonia. Huvuka pua na koo zikafika ndani kabisa ya mapafu, zikaamsha pumu na kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Utabiri wa ubora wa hewa usomwe vipi?

Kwa rangi. Kijani ni salama, njano ni wastani. Rangi ya chungwa huwaonya wenye pumu na maradhi ya moyo, watoto, wazee na wajawazito, na nyekundu humhusu kila mtu. Chungwa huanza pale wastani wa PM2.5 wa saa 24 unapozidi mikrogramu 35 kwa mita moja ya ujazo, ilhali Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2021, linapendekeza usizidi 15. Kwa maoni yangu, basi, mwenye pumu asiipuuze hata siku ya njano.

Siku ikitabiriwa kuwa mbaya, nifanye nini?

Panga tangu jana yake: mazoezi yafanyike ndani, dawa ya pumu ya kuvuta iwe karibu, na kuni zisiwashwe. Barakoa ya kitambaa haisaidii sana. Ya N95 inayobana vizuri usoni huchuja chembe hizi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, kwani gesi yake huua.